Umeme Umerudi

Fundi cherehani alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, na ukoo mzima ulimwita Umeme. Jina hilo alipewa na shangazi yake, mwanamke aliyebobea katika mambo ya watu. Binti akichangamka, shangazi hutangaza kwamba umeme umerudi. Akilala ameugeukia ukuta, hataki kula wala kuoga, basi umekatika, na tiba yake, kwa mujibu wa bingwa huyo, ni kumfunua shuka na kumwambia aache uvivu.

Daktari alishaeleza kwamba ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kwamba vidonge humezwa hata siku njema. Lakini daktari alikuwa amesoma tu. Shangazi alikuwa na macho.

Mwezi ule Umeme alianza kuamka alfajiri, akaosha vyombo visafi, akacheka peke yake, akaongea hadi koo likamkauka. Shangazi akafurahi.

"Wifi, mtoto amepona," alimwambia fundi. "Vidonge vya nini tena? Vinamzubaisha bure."

Fundi alikuwa amechoka, na aliyechoka huamini upesi. Akaviweka vidonge juu ya kabati. Neno amepona likampendeza kila mtu, isipokuwa huyo aliyepona. Umeme aliijua furaha ile. Mawazo yalikuwa yakimjia yote kwa pamoja, yakisukumana mlangoni, na aliogopa, maana furaha hiyo haikuwahi kumtembelea ikaondoka bila kuvunja kitu.

Siku moja fundi alirudi kutoka kununua nyuzi, akakuta kitambaa cheupe cha gauni la bibi harusi kimekuwa leso za mkono, za darasa zima na walimu wao. Umeme alikuwa bado anakata. Aliyemshikia pindo ni shangazi, akiusifu uchapakazi wa mtoto aliyepona.

Shangazi alipouona uso wa wifi yake, aliliachia pindo haraka na kusema mtoto huyu kadekezwa. Fundi akainua mkono.

"Mama, usinipige kwanza," Umeme alisema, akiuweka mkasi chini. "Nina furaha mno na siwezi kuisimamisha. Naiogopa. Nirudishie vidonge vyangu."

Mkono wa fundi ukabaki hewani, kisha ukaenda juu ya kabati. Akamshika binti yake wakaenda moja kwa moja kwa daktari, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni mwake, na njia nzima fundi alilia kwa aibu.

Wiki kadhaa baadaye shangazi alipita kukagua. Akamkuta Umeme kwenye kigoda, ametulia, anashona kifungo polepole. Akasikitika sana.

"Mbona umeme leo mdogo hivyo?"

"Unatosha, Shangazi," binti alijibu bila kuinua macho. "Kifungo hakihitaji zaidi."