Maneno ya Buluu

Mzee wangu alikuwa karani wa kiwanda cha majani chai. Alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani, akaiweka sebuleni na kuifunika kwa kitambaa nilichofuma. Mjuaji huyo! Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa.

Mama mzazi wa mzee alipofariki hapa Kimulot, kijana wetu wa kwanza alikuwa Uarabuni, anafanya kazi kwenye stoo. Huyo mtoto alilelewa na kogo, nyanya yake. Mimi nilimzaa tu. Kuja hakuweza. Simu za wafanyakazi huachwa getini, lakini bosi wake alimruhusu kukaa kidogo kwa kompyuta ya ofisi, afungue barua pepe yetu na kutazama mazishi moja kwa moja. Mpiga video kutoka Roret akatupa anwani ya mtandao ya kutazamia.

"Niachie mimi," mzee akasema. Akaandika, "Bonyeza hapa tumzike pamoja." Maneno hayo akayapaka rangi ya buluu, akayapigia mstari chini, vile alivyozoea kuona kwa barua pepe za ofisi. Akatuma. Nami nikamsifu, haki ya Mungu.

Siku yenyewe wingu lilianza kushuka kutoka msitu wa Mau, na huku mvua ya alasiri haingojei mhubiri amalize. Tukaharakisha. Wajukuu wakaitwa mmoja mmoja kutupa udongo, na jina la kijana wetu likaitwa pia. Mzee akachota udongo, akageukia kamera. "Huu ni wako, baba. Umeona?" Watu wote wakageuka pamoja naye wakapunga mikono. Mimi nililia nikiitazama ile kamera, nikijua mtoto wangu ananiona.

Mvua ilipotufukuza kaburini, mzee akawasha kompyuta. Majibu yalikuwa yamejipanga.

"Baba, nabonyeza, haifunguki."

"Baba, tuma tena."

"Mmeanza?"

"Basi. Nimeitwa kazini."

Ai! Kumbe ilikuwa rangi tupu. Ile anwani mzee hakuiweka popote, alidhani buluu na mstari vinatosha. Nilimrukia kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, mbele ya wageni na chai yao. Alikaa tu pale, udongo bado uko kwenye kucha zake.

Jumatatu alienda saiba, duka la intaneti, kule Roret. Binti wa pale akamwonyesha: unachagua maneno, unabonyeza pahali pa kuweka kiungo, unabandika anwani, halafu unajaribu mwenyewe kabla ya kutuma. Alirudi akafanya hivyo na ile video iliyohifadhiwa. Alijaribu na kujaribu, na kila mara ilipofunguka tulimwona mama akishushwa kaburini upya. Nikamwomba aache, atume tu.

Jibu lilikaa siku kadhaa. Lilipokuja, mzee hakuweza kulisoma kwa sauti. Alinisogezea kiti nisome mwenyewe.

"Nimeona, Baba. Kumbe mliniita. Na sikuitika."