Kwa Nini Tak In-beom Aliikata Kamba

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili linalosemwa hapa Songmok juu ya marehemu mume wangu, Tak In-beom, halipo wala haliji. Hakuiuza kamba yetu kwa watu wa Juu. Hakuwa amelewa. Na mimi mkewe, ingawa nilizaliwa upande wa Juu na sijawahi kulikana hilo, sikumnong'oneza mtandikoni awape ndugu zangu ushindi. Baadhi ya wanaosema hivyo wamekula jikoni kwangu. Nitaandika mara moja, kwa utaratibu, na sitarudia.

Mume wangu alikuwa msokotaji wa mabua ya mpunga, kama baba yake na babu yake. Mwaka wake ulikwenda kwa sikukuu, si kwa kalenda ya ukutani. Mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka alifunga mabua ya nyumba ya mwezi, ile wanayoichoma vijana kando ya mto. Siku ya Dano, sikukuu ya kuingia kiangazi, alifunga kamba za bembea za wanawake. Wakati wa Chuseok, sikukuu ya mavuno, alishona kasa wa mabua, ambaye watoto humvaa wakipita nyumba kwa nyumba wakidai keki za mchele. Majira ya baridi, watu wa Seoul wakija kutoboa barafu na kuvua samaki, walikalia mikeka yake bila kujua ni ya nani. Lakini yote hayo yalikuwa kazi za mikono tu. Kazi ya moyo wake ilikuwa kamba kubwa ya machipuko, ambayo pande mbili za Songmok, Juu na Chini, hushindana kuivuta.

Nilipoolewa naye nilikuwa nikifundisha fasihi katika shule ya wasichana mjini Gongju. Baba yangu hakufurahi.

"Umesoma vitabu vyote hivyo," aliniambia, "ukaolewe na mtu wa mabua?"

"Mabua ndiyo yanayoezeka nyumba, Baba," nilimjibu. Hakunisemesha mpaka mavuno.

Kamba yenyewe si ile ya watoto wa shule. Ikilazwa chini, unene wake humfika mtu kiunoni, na ukisimama shingoni huoni mwisho wake. Ni vipande viwili: cha kike ni chetu sisi wa Chini, cha kiume ni cha Juu. Kila kipande kina kitanzi kichwani. Kitanzi huingizwa ndani ya kitanzi, gogo likapenyezwa katikati, na hapo ndipo tunapopaita shingo. Kutoka kwenye mwili wa kamba hutoka matawi, kamba nyembamba kiasi, na hayo ndiyo watu huyashika, maelfu yao, wenyeji na wageni. Chini wakishinda, mavuno huwa mema. Juu wakishinda, nchi huwa na amani. Babu zetu walitaka asiwepo anayeshindwa kabisa. Lakini watu wa Chini ni wakulima, na wana jibu lao: amani haipikwi.

Kuna mwiko mmoja ambao hakuna asiyeujua. Mwanamke haigusi shingo kabla mvuto haujaisha. Ukishaisha, kila mtu ana ruhusa ya kuchuna mabua ya kamba iliyoshinda. Wenye maumivu ya mgongo huyachemsha wakanywa. Mwanamke ambaye hajapata mtoto huyaweka chini ya godoro lake, na yenye nguvu kuliko yote ni ya shingoni, pale kike na kiume walipokumbatiana. Zamani mwenye shida alipishwa njia. Siku hizi wageni huja na mikasi yao kutoka Seoul na ng'ambo, na kabla mama wa kijijini hajafika shingoni, imeshanyolewa. Sitawalaumu. Tuliwaalika sisi wenyewe, kwa matangazo makubwa.

Mwaka huo unaosemwa, Chini walikuwa wameshindwa mara mbili mfululizo, na mvua za kupandia zilikuwa haba. Mume wangu alikuwa jemadari wa Chini, anayewaongoza wavutaji. Alisimama juu ya shingo ya kamba na bendera yake ya buluu, mundu kiunoni wa kupunguzia mabua yaliyochomoza. Upande wa pili, juu ya shingo hiyo hiyo, alisimama jemadari wa Juu, Guk Pan-seok, ambaye ni binamu yangu.

"Shemeji, shuka mapema," Pan-seok alimwambia, watu wakasikia. "Usije ukavunja kiuno. Dada yangu bado ana kazi nacho."

"Kiuno changu kizima. Wewe shikilia kofia yako."

"Mwaka huu tena tunawaletea amani."

"Ileteni na mchele, tutaipika."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa chini yao, hatua chache tu kutoka shingoni na nyuma ya mstari wa mwiko, kwa sababu desturi humtaka mke wa jemadari amimine bakuli la pombe ya mchele mbele ya kamba. Kisha wanaume wote waliinama kwa sala, vichwa chini, wageni nao wakiwaiga. Nilipoinua macho niliona kitambaa cha kichwa, rangi ya majivu, kikipotea chini ya kitanzi.

Nilimjua. Alikuwa mke wa nyumba fulani ya Chini, nyumba ambayo haijihesabu ndogo. Hakuwa na mtoto, kama wenzake kadhaa mwaka ule, na mama mkwe wake alikuwa na ulimi, kama mama wakwe wengine kadhaa. Alikuwa ameona jinsi wageni walivyoinyoa shingo mwaka uliotangulia. Akapiga hesabu kwamba wakati wa sala ataingia na kisu kidogo, atakata mabua ngumi moja, atatoka kabla ya ngoma. Hesabu yake haikuwa mbaya. Ila mwaka huo mpiga ngoma alikuwa na haraka.

Ngoma ilipigwa. Baragumu zikalia. Watu wakavuta.

Asiyewahi kusimama karibu hajui sauti ya kamba ile ikikaza. Huguna kama mnyama mkubwa anayeamshwa. Tawi nene kuliko yote la upande wetu, lenye watu kama mia mbili, lilikazika ghafla na kuubana mkono wa yule mwanamke kwenye mwili wa kamba. Kila mvuto ulimsaga. Niliona uso wake. Alikuwa ameuma kitambaa chake, na hakupiga kelele. Nilielewa kwa nini. Akipiga kelele itajulikana mwanamke alikuwa shingoni, na kila ukame, kila ugonjwa wa ng'ombe, kila mtoto atakayeanguka mtini mwaka ule utakuwa wake.

Mume wangu alitazama chini akamwona. Aliinua bendera kuwasimamisha watu wake. Lakini kwetu bendera ya jemadari ikipepea maana yake ni moja tu: vuteni. Wakavuta zaidi. Gogo lilikuwa tayari limesogea upande wetu, na Chini nzima ilikuwa inanusa ushindi.

"Acheni!" alipaza sauti. Ngoma ziliimeza.

Akamgeukia Pan-seok. "Simamisha watu wako. Simamisha mvuto."

Pan-seok alicheka mpaka kofia ikaporomoka. "Unashinda halafu unaomba mapumziko? Kaka, mke wangu akinitengea supu siombi anipokonye kijiko."

"Sitanii, Pan-seok."

"Nami sikuelewi. Vuta, bwana."

Nikasogea mpaka miguuni pake. "Baba Sae-rom," nikamwambia, "mkono wake."

"Nauona."

Hakuna aliyewahi kuikata kamba kabla ya mvuto kuisha. Anayeikata, wazee husema, ameukata mwaka wa kijiji. Babu yake aliwahi kuondoka katikati ya mazishi ya ndugu yake aje kusokota, asije akaiacha kamba pungufu. Mume wangu aliyajua hayo tangu hajaota meno. Alishika mundu, akanitazama mara moja, wala hakuuliza kitu. Nilichofanya ni kuitandaza sketi yangu ndefu ya sherehe, nikasimama baina ya yule mwanamke na macho ya watu.

Akakata.

Haikukatika kwa pigo moja. Alipiga tena na tena, naye Pan-seok akimkodolea macho, na mahali fulani mpiga picha wa gazeti akiinua kamera yake. Tawi lilipoachia, watu mia mbili walianguka chali, na waliokuwa nyuma yao wakajikwaa juu yao. Kamba ikateleza. Ikatuponyoka yote, gogo na shingo, ikaenda kwa Juu kama imeitwa. Katika mtafaruku ule yule mwanamke alitambaa nje nyuma ya sketi yangu. Nilimfunika koti langu, nikampitisha nyuma ya mahema ya jikoni hadi kwenye gari, nikamwendesha mwenyewe hospitali ya mji mwingine. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari aliambiwa ameanguka ngazini. Njiani aliniomba jambo moja tu, nisimtaje, nami nikamwahidi, na mume wangu akaahidi baada yangu.

Picha ilitoka kesho yake. Inamwonyesha Tak In-beom na mundu juu ya kamba ya kijiji chake mwenyewe, na chini yake sketi ya binti wa Juu. Kwa mwenye kutaka kusengenya, picha hiyo ilikuwa karamu.

Wazee wa Chini walikuja nyumbani mchana huo huo.

"In-beom, tueleze."

"Niliona kamba inataka kukatika. Nikahofia watu."

"Tumeikagua. Ukiacha ulipokata, kamba ni nzima."

"Basi macho yangu yalinidanganya."

"Macho ya msokotaji? Ya mjukuu wa babu yako?"

"Yanazeeka kama ya wengine, wazee wangu."

Nilikuwa nimesimama na trei ya chai ya shayiri, nikamsikia mume wangu akijifanya mjinga mbele ya watu waliojifunza kazi kwake. Nilitaka kusema. Alinitazama tu, nami nikamimina chai.

Vuli hiyo kimbunga kiliulaza mpunga wa Chini wote. Baada ya hapo hakuitwa tena kuwa jemadari, wala hakuitwa kusokota. Aliendelea na kasa wake wa Chuseok, lakini kuna nyumba ambazo watoto waliambiwa wasimvae. Alifariki majira ya baridi mwaka jana, kwa mapafu.

Sasa kamati ya sikukuu inachonga jiwe. Litasimama penye lango la uwanja, lisomwe na wageni, na majina ya majemadari wote tangu vita vya Korea kuisha yatakuwamo. Jina la Tak In-beom halimo. Mwenyekiti, Bwana Bang Chi-gon, alikuja na wenzake wawili kuniambia, kwa adabu, akiwa amevua kofia.

"Mama Sae-rom, tunajua marehemu hakuwa mtu wa hivyo. Alikuwa na sababu."

"Alikuwa nayo."

"Basi tupe. Tukiipata kamati inakubali, jina linaingia."

"Kulikuwa na mtu chini ya kamba."

Mmoja wa wale wawili aliweka kikombe chini.

"Nani?"

Niliinuka na birika. Binti yangu, aliyekuja toka Daejeon kwa ajili ya siku hiyo, alinifuata jikoni.

"Mama, mtaje. Baba amelala kaburini na jina la msaliti. Huyo mtu amekaa kimya miaka yote hii. Anajificha nyuma ya nani kama si ya Baba?"

"Nyuma ya baba yako, ndiyo. Na baba yako alijua anasimama mbele ya nani."

"Na mimi? Watoto wangu? Ni jina letu sisi pia."

Nilikiri kwamba ni letu. Hilo ndilo lililonikosesha raha juma zima. Mama mkwe wa yule mwanamke yu hai, ulimi wake ungali mkali, na mmoja kati ya waliokunywa chai yangu siku ile ni wa nyumba hiyo hiyo. Nikilitaja jina, jiwe litapata mstari mmoja, na sokoni wataanza kuhesabu watoto wa nani walizaliwa mwaka gani na walitoka wapi. Mume wangu alinikataza kumtaja mtu. Hakunikataza kusema kwamba mtu huyo alikuwapo. Nimesema hilo kwa kamati, na nimeliandika hapa.

Bwana Bang ameniletea ujumbe kwamba bila jina kamati haina la kufanya. Basi isifanye. Jiwe ni lao, walichonge watakavyo. Yule aliyekuwa chini ya kamba simtaji, wala nyumba yake, wala kama alipata mtoto au hakupata. Atakayekuja kuniuliza atakaribishwa chai, ataulizwa habari za nyumbani kwake, kisha ataonyeshwa mlango. Sina zaidi ya kusema.