Dakika Kumi na Moja za Baba wa Bibi Harusi

Saa tatu asubuhi, jua limeshawaka nje, lakini chumbani kwa Mkasi pazia zito limeshushwa. Amekaa mbele ya skrini mbili, mto mgongoni, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Kwenye skrini bibi harusi anacheka, anarudishwa nyuma, anacheka tena. Mkasi hacheki.

"Huyu nimemwona akicheka mara mia mbili tangu jana," anasema. "Harusi ya mwenzio inachosha kuliko yako."

Ni mhariri wa video, huu mwaka wa kumi na tatu. Jina la Mkasi alibandikwa na wapiga picha kwa sababu hana huruma: shangazi anayecheza ovyo, anakatwa, mjomba anayetafuna huku anakodolea kamera, anakatwa. Sherehe ya muda wa saa tisa hutoka hapa ikiwa saa moja na nusu. Yeye mwenyewe hukaa kitini saa kumi na mbili kwa siku, na daktari wa macho ameshamwonya mara mbili.

"Mgongo huu ulishastaafu, mimi ndiye bado," anasema.

Ila wiki hii kilichomkosesha raha si mgongo. Jumatatu alikuja mwanamke aliyemhariria harusi miaka minne iliyopita. Baba yake alizikwa mwezi uliopita. Alikuwa anataka hotuba ya baba, yote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwenye video ile baba ana sekunde arobaini. Siku ya harusi alizungumza dakika kumi na moja.

"Mzee alikuwa anakohoa, anatafuta miwani, ananyamaza," Mkasi anaeleza. "Sisi cha kwanza kukata ni kimya. Nikakata. Na picha zilizobaki nilizifuta, diski ilijaa, nikapakia harusi nyingine juu yake. Jamani, nimemfuta baba wa mtu!"

Jumatatu hiyo hakuthubutu kusema. Alimwambia mteja arudi Ijumaa, akajifungia, akafungua diski zote ishirini na saba za kabatini, moja baada ya nyingine. Patupu. Majuto ni mjukuu.

Mama yake, anayeishi naye, alimkuta amelalia kibodi.

"Wewe, si umpigie aliyeshika kamera?" akamwambia. "Wenzako hawatupi vitu kama wewe."

Kweli, mpiga picha yule hatupi kitu. Katika droo yake, katikati ya betri zilizokufa, kilikuwemo kinasa sauti alichomwekea mzee kwenye mfuko wa koti. Kilivunjika kioo siku ileile, hakikutumika tena, na kilichorekodiwa kikabaki humo. Picha hakuna, lakini sauti ipo, dakika zote kumi na moja.

Leo ndiyo Ijumaa. Mteja anaingia, na kabla hajaketi Mkasi anasema, "Dada, picha nilizifuta mimi. Nisamehe. Nimepata sauti tu."

Mteja anaketi. Anavaa vipokea sauti masikioni.

Kikohozi. Karatasi. Kisha kile kimya kilichokatwa, karibu dakika nzima. Kumbe hakikuwa kimya. Mzee alikuwa ameshusha kipaza sauti, akimnong'oneza binti yake aliyekuja kumshika mkono: "Usilie, mwanangu, utaharibu poda. Niachie mimi nilie."

Mteja anacheka, halafu kilio kinamshinda. "Nilikuwa nimesahau," anasema. "Nilikuwa nimesahau kabisa."

Mkasi naye anafuta macho, yale yale mabovu. Lakini mazoea yana taabu. "Nikupunguzie kikohozi?"

"Usiguse kitu!"

Akishaondoka mteja, Mkasi anazungumzia mipango. Anataka kununua diski moja kubwa, ya hotuba za wazee tu, zisizokatwa. Ataanza Jumapili hii, na mzee aliye naye nyumbani.

"Mimi nitaongea mpaka jioni," mama yake anadakia kutoka jikoni, "nione huo mkasi utapitia wapi!"

Mkasi anarudisha miguu kwenye beseni.

"Ongea, mama," anasema. "Sikati."