Karanga za Wakwe

Binti yetu alizaliwa London. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo sikushangaa aliponieleza kwa Kiingereza, akitia neno moja nililolijua, kwamba jamaa za mchumba wake, Wamaori wa New Zealand, watatupokea kwa karanga, na kwamba karanga ni kazi ya wanawake.

Kilichoniudhi ni hizo karanga zenyewe. Mtu anakutana na wakwe mara ya kwanza, anawawekea karanga? Mume wangu akasema huenda kwao ndiyo heshima. Kwake yeye kila kitu ni heshima.

Kusema kweli nilikuwa natafuta kisa. Kijana alikuwa ameshasilimu, hilo halikuwa neno, lakini alitaka kumchukua binti yetu wakaishi kwao, na mimi nilikuwa sijakubali. Niliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, nikamuaga mama yangu kama mtu atakayerudi karibuni, na sikumwona tena. Sikutaka mwanangu ayaonje hayo, wala mimi niyaonje upande wa mama.

Hata hivyo, kama karanga ni kazi ya wanawake, kwenda mikono mitupu kungekuwa aibu yetu. Nikaenda Kingsbury Road, kwa muuza duka Mgujarati aliyekulia Mwanza, nikanunua karanga mbichi. "Harusi iko, mama?" akaniuliza. Nikamwambia bado. Nikazikaanga kwa chumvi, nikajaza bakuli kubwa.

Siku yenyewe tulikuta wamekodi ukumbi papa hapa London. Mlangoni tukaambiwa tusimame, tungoje karanga. Nikainua bakuli langu juu waone kwamba tumekuja nazo. Binti yangu akalitazama, akaziba mdomo. Kabla hajasema kitu, mwanamke mmoja aliyevaa nyeusi akapaza sauti kutoka ndani. Alikuwa anaita, sauti ndefu inapanda na kushuka, mpaka mwili ukanisisimka. Kumbe karanga yao ndiyo hiyo, wanawake kuwaita wageni waingie. Binti yangu, huku akicheka mpaka machozi, akaninong'oneza kwamba mwanamke wa upande wetu lazima ajibu, la sivyo hatuingii.

Nijibu nini mie, na Kimaori sikijui? Nikampa mume wangu bakuli, nikapiga vigelegele. Nilivipiga vya Unguja hasa, vya kuamsha mtaa. Ukumbi ukacheka kwa furaha, yule mama akaita tena, nami nikajibu tena, tukaingia.

Kumbe ndiye mamake kijana. Akaja akanigusisha pua na paji la uso, ndivyo wanavyosalimiana, tukavuta pumzi pamoja. Tulipoachana nikamuuliza kwa Kiingereza lile lililokuwa likininyima usingizi, kwamba mtoto wangu akilia huko kwenu, nani atamsikia? Akamshika binti yangu mkono, akasema whanau, neno ambalo kwao ni jamaa na pia ni kuzaa, nao hulitamka kama fanau. Hayo ya maana niliyajua baadaye. Pale ukumbini palikuwa na kelele, na masikio yangu ni ya Unguja, nikasikia kama amesema "mwanao".

"Ni wako na wewe," nikamjibu kwa Kiswahili. Binti yangu alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba nimekubali, akaanza kulia kabla yangu.