Sanduku la Picha Lililofungiwa Ofisini

Miaka ya themanini nilifundisha darasa la sita katika shule ya msingi karibu na Asembo Bay, bila cheti cha ualimu. Kazi nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kujaribu. Kitabu cha sayansi kilikuwa kimoja kwa kila dawati, na waliokaa pembeni waliona kiwiko cha jirani zaidi kuliko picha.

Nikaomba katoni tupu ya sabuni dukani, nikakata dirisha mbele, nikapitisha vijiti viwili. Karatasi za mifuko ya saruji nilizibandika kwa uji wa muhogo zikawa ukanda mrefu, nikachora maisha ya mbu tangu yai. Ukizungusha kijiti, picha zinapita. Redio yangu ndogo ilitoa kipindi cha shule, bure kabisa. Sauti ikieleza, mimi nazungusha.

"Mwalimu, rudisha! Huyo kiluwiluwi anapumua kwa mkia?"

"Si ndio hao mnaowanywa kwa mtungi wenu!" mwenzake akamchokoza.

Darasa lililozoea kunyamaza likaanza kubishana.

Mkaguzi alipokuja kutoka Kisumu alilisifu sanduku mbele ya walimu wote. Jioni hiyo hiyo mwalimu mkuu akalifungia katika kabati la ofisi yake, pamoja na tufe la dunia na ramani ambazo watoto waliziona siku ya wageni tu.

Asubuhi nilimfuata. "Mzee, leo tuna kipindi cha redio."

"Bwana, hiyo sasa ni mali ya shule. Watoto watairarua. Mkaguzi akirudi tutamwonyesha nini?"

"Watoto wanaojua."

"Wewe hukusomea ualimu. Kifaa kinatunzwa."

Redio ikaeleza jinsi moyo unavyosukuma damu, na darasa zima likatazama ukuta. Hakuna aliyeuliza swali. Niliwaka hasira. Kifaa hakikumgharimu mtu chochote, lakini watoto wakapokonywa kwa sababu tu kilikuwa kimesifiwa.

Nikatengeneza sanduku la pili. Safari hii nilichagua katoni iliyolowa mvua, nikaipaka masizi, nikaacha kingo zimechanika. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni, akakunja uso, akaenda zake. Watoto walijifunza moyo, figo na mapafu kwa takataka ile mpaka mtihani. Mpaka leo inaniudhi kwamba nililazimika kutumia akili yangu kuliharibu sanduku sura, ili watoto waruhusiwe kuliona.