Dalali Aliyebakiwa na Neno Moja, na Mpiga Picha Aliyemsubiri

Jumapili, saa tisa alasiri, Mirel Joselowsky amepiga magoti kwenye zulia nyuma ya kiti cha bibi harusi. Viatu kavivua, kamera mbili zinamning'inia shingoni. Ukumbi huu wa Glenhazel, Johannesburg, umejaa mashangazi wenye kofia, na kila shangazi ameshika kichel, kile kibiskuti chepesi cha sukari, juu yake samaki wa chumvi aliyesagwa.

"Mirel, umekula?" anauliza Zelda, shangazi wa bibi harusi.

"Nikila, nani atapiga picha?"

"Haya, na harusi yako iwe hivi karibuni, mwanangu."

"Shangazi Zelda, ulianza kuniombea nikiwa msichana. Sasa nina miaka hamsini na mbili. Labda huko juu kuna foleni."

Wanawake wanaangua kicheko. Mirel anatabasamu kidogo tu, kwa sababu macho yake yako kwa mzee aliyeketi karibu na mlango, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Huyo ni Velvel Gurwitz, baba wa bibi harusi. Leo kila mtu ukumbini anajiuliza jambo moja, ingawa hakuna anayelitamka: ataweza kumbariki binti yake?

Velvel alikuwa dalali wa mnada. Makabati, piano, mazulia ya marehemu, vyote vilipita chini ya nyundo yake. "Alikuwa anakuuzia kiti cha miguu mitatu na wewe unamshukuru," anasema mkewe, Hinda. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimwangusha akiwa mnadani. Kilimlemaza mkono wa kulia, kikazoa maneno yake yote, kikamwachia moja tu, lile alilolipaza maisha yake yote: "Imeuzwa!"

Akitaka chai, imeuzwa. Akiumwa mgongo, imeuzwa. Akili yake ni nzima, anaelewa kila linalosemwa na anacheka utani kabla ya wengine, ila mdomo umegoma.

Kwa Wayahudi, kila Ijumaa jua linapozama, baba humwekea binti yake mikono kichwani na kumwombea awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Velvel hakuwahi kuiruka Ijumaa hata moja, hata wasichana walipokuwa wakubwa na wabishi. Tangu augue, huweka mikono akafumba mdomo. Na picha ya baraka hiyo ya Ijumaa haipo katika nyumba yoyote ya jirani zangu hawa, ambao harusi zao naziandika gazetini, maana Sabato ikishaingia kamera haiguswi. Baraka hiyohiyo hutolewa pia siku ya harusi, mchana kweupe, na hapo kamera inaruhusiwa.

Ndiyo maana Elisheva, kitindamimba wa Velvel, alipokwenda kumwona Mirel alikuwa na ombi moja.

"Aliniambia, 'Keki usihangaike nayo. Maua usihangaike nayo. Nipatie baba akinibariki, mdomo ukiwa wazi,'" anakumbuka Mirel. "Nikamwambia, mdomo siwezi kuufungua mimi, mpenzi. Nitakachoweza ni kuwepo."

Baba na binti wamefanya mazoezi majira yote ya baridi. Kila mara neno lilikuwa lilelile.

"Hebu fikiria," Hinda ananinong'oneza. "Mbele ya wakwe, mbele ya rabi, anaweka mikono juu ya kichwa cha mtoto, halafu anasema imeuzwa! Mwenyewe kakataa. Ameniashiria kwamba ataweka mikono tu, basi."

Mirel aliingia kazini akiosha picha katika chumba cha nyuma cha duka la dawa. Harusi moja humlipa randi elfu kumi na nane. Lakini kuna majuma mengi katika mwaka ambayo Wayahudi hawaoi, baada ya Pasaka na tena katikati ya baridi, na majuma hayo hupiga picha za pasipoti na za timu za shule. Ukimuuliza siri ya kazi, hana maneno makubwa. "Wageni wanamtazama bibi harusi. Mimi nawatazama wanaomtazama."

Sasa mama wa pande mbili wanaitwa mbele kuvunja sahani, ishara kwamba maagano yakikatwa hayarudi nyuma, kama vile sahani isivyoungika tena. Wengine huigonga kwenye mgongo wa kiti. Akina Gurwitz wameleta nyundo ya mnada ya Velvel. Hinda na mkwe mwenzake wanaishika pamoja na kuishusha.

Twaa!

"Imeuzwa!" Velvel anapaza sauti kutoka mlangoni.

Ukumbi mzima unavunjika mbavu. "Dalali yuko kazini!" anapiga kelele mtu. Velvel naye anacheka mpaka machozi, kisha ghafla kicheko kinamkauka na anainamia mkono wake. Elisheva anaona. Mirel anaona pia, na kamera inalia mara moja.

Nje wanaume wanaanza kuimba. Wanaingia wakicheza, wakimsukuma katikati yao Yoel, bwana harusi, kijana wa Cape Town aliyepauka kwa kufunga tangu alfajiri. Desturi inamtaka amtazame bibi harusi usoni kabla ya kumshushia shela, asije akatendwa kama Yakobo aliyepewa Lea badala ya Raheli.

"Kagua vizuri, wewe wa Cape Town!" anafoka mjomba mmoja. "Yakobo hakukagua!"

"Ndiye?" anauliza tena mjomba.

"Ndiye," anajibu Yoel, naye anamfunika Elisheva kwa shela aliyoolewa nayo Hinda.

Muziki unanyamaza. Velvel anasimama.

Mkono wa kushoto unaushika wa kulia, unaunyanyua, unaubeba mpaka juu ya kichwa cha binti na kuulaza pale. Halafu wa kushoto unakaa pembeni yake. Alikuwa ameapa kufumba mdomo, lakini sasa midomo inafunguka.

"Imeuzwa."

Hakuna anayecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Velvel anatikisa kichwa, na mikono inaanza kuteleza.

Ndipo Elisheva, chini ya shela, anaudaka ule mkono mlemavu na kuurudisha kichwani pake, na anaanza kuvumisha wimbo puani. Hauna maneno. Ni sauti ambayo baba yake alikuwa akiiimba mezani kila Ijumaa kabla hajaugua; kila nyumba ina yake. Velvel anasikiliza. Anaanza kuvumisha naye. Kisha, pale wimbo unapopanda, anauingiza mdomoni, na maneno yanatoka.

"Mungu akujalie uwe kama Sara..."

Anaimba. Rebeka. Raheli. Lea. Kila jina limetimia, halikukatika herufi. Mungu akubariki na akulinde. Akuangazie uso wake. Nimehudhuria harusi nyingi za mji huu kwa ajili ya gazeti na nilidhani nimeshazizoea. Nilisahau daftari langu, na sioni aibu kuliandika hilo.

Daktari mmoja kati ya wageni ananieleza baadaye kwamba si ajabu, aliyepotewa na maneno huweza kuyaimba. Shangazi Zelda anamkatiza. "Weka sayansi yako mfukoni, daktari. Mimi nimesikia nilichosikia."

Na Mirel?

"Sikuona chochote," anasema. "Kioo kilijaa machozi. Nilibonyeza tu, nikimwomba Mungu ashike kamera upande wa pili."

Picha imetoka imeinama kidogo upande mmoja. Hakuinyoosha.

Jumatano anaipeleka kwa akina Gurwitz, nami nafuatana naye. Velvel anaitazama kwa muda mrefu. Anagusa kichwa cha Elisheva kwenye picha, kisha anamnyooshea Mirel kidole, kichwani, na kuinua nyusi. Hinda anataka kutafsiri, lakini Mirel ameshaelewa swali. Baba yake alifariki miaka tisa iliyopita.

"Hakuna, Mzee Velvel," anajibu. "Siku hizi sina wa kunibariki."

Mzee anapiga meza kwa kiganja. Anainuka, anajikokota hadi kwenye kalenda ya ukutani na kuweka kidole juu ya Ijumaa.

Kwa hiyo keshokutwa, Mirel ananiambia tukiwa langoni, atafunga duka lake la picha mapema na kamera ataiacha kabatini.

"Natumaini wimbo utamjia," anasema. "Usipomjia, mikono inanitosha."