Mapengo Katika Wimbo wa Pasaka

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alinipeleka kanisani Temeke. Vijana wakabonyeza kinanda cha umeme, na wimbo wa Pasaka ukatoka mzima, hakuna aliyehangaika na pumzi. Miguu ilikuwa inaniuma, nikakaa. Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa bendi ya shule ya misheni, na uchovu wa siku zile.

Enzi hizo za Mwingereza, Temeke ilikuwa mashamba ya mihogo na nyumba za makuti zilizokaa mbalimbali. Nililelewa na bibi, muuza vitumbua. Kabla ya shule nilikuwa nimeshakwenda kisimani mara tatu na kutwanga mchele ulioloweshwa, mikono inanuka iliki na moshi. Nikifika kwenye mazoezi ya bendi, pumzi zimeshakwisha.

Mwalimu alikuwa mtu wa kusini, aliyejifunzia tarumbeta jeshini. Misheni ilikuwa imepewa tarumbeta tisa kuukuu, zimebonyeabonyea kama sufuria, na padri akataka tupige wimbo siku ya Pasaka. Wengi wetu tuliweza nota tano tu. Wimbo ulipopanda juu, tulitoa sauti za mbuzi. Mwalimu akaushusha. Akauandika upya kwa penseli nyuma ya karatasi za mitihani, kila mtoto na kile anachokiweza.

Mimi alinipa sauti ya kwanza, nami kila mara nikaishiwa pumzi katikati ya mstari. Nikajua nitaondolewa.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, mwalimu. Nimetoka kisimani."

Kesho yake alileta karatasi mpya. Mstari ule alikuwa ameugawa kati yangu na mtoto wa jirani yetu: nikipuliza mimi, yeye anavuta pumzi; akipuliza yeye, mimi napumzika. Kwa siku nzima, hapo tu ndipo nilipopumzika.

Alhamisi Kuu, jirani yule akapata kazi kwenye shamba la mkonge, akahama na watoto wake wote. Nikaenda kwa mwalimu, nikamwambia siwezi kupuliza nota za watu wawili.

"Puliza zako," akasema. "Za mwenzio ziache."

"Si kutakuwa na mapengo?"

"Yatakuwepo. Wewe hesabu tu, usikimbie."

Siku ya Pasaka nikapuliza, nikaacha. Pengo la kwanza lilikuwa kimya kitupu, nikasikia mtu anakohoa. La pili akalijaza bibi yangu, yeye ambaye haimbi mbele za watu kwa kuionea haya sauti yake ya kukwaruza. La tatu wakaingia wanawake wa benchi lake. Kufikia ubeti wa mwisho, kanisa zima lilikuwa linaimba mahali pa mwenzangu, linanyamaza mahali pangu. Mwalimu akashusha mikono, akasikiliza.

Mwenzangu yule sikumwona tena. Tarumbeta ziliozea stoo. Zile karatasi za penseli bibi alifungia vitumbua, nami sikumkataza. Karatasi zilikuwa shida. Siku hizi hata mashamba ya mihogo huyaoni, ni maduka na vumbi.

Mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani, nikiwa na mengi ya kumwambia. Lori lilipofika nikasema shikamoo tu. Akaitikia marahaba, akapanda.